Cheti Chako Kimepimwa na Nani?

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, fundi wa karakana, katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wenzetu waliokuwa zamu siku ile.



Kamati ya tawi imeniomba niseme maneno machache juu ya vyeti vya ufundi. Mimi si mwalimu wala si mwanasheria. Mimi ni fita, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, basi. Lakini jambo hili limenigusa mfukoni na moyoni pia, na leo liko mbele yetu sote. Wenzetu kadhaa wametoa shauri kwamba chama kimwombe mwajiri atoe cheti cha karakana kwa kila fundi aliyefanya kazi miaka mitano na zaidi. Baada ya maneno yangu mtapiga kura. Nami nataka kuwaonyesha kwa nini shauri hilo, ingawa limetoka katika nia njema, halitoshi, na ni nini tuombe badala yake.

Kwanza nitasema habari yangu mwenyewe, nisije nikaonekana kama mtu anayehubiri.

Nilipokuwa kijana nisiye na kazi ya kudumu, nililipa karo katika chuo kimoja kilichokuwa juu ya duka. Sitakitaja jina, na sasa hakipo tena. Tulifundishwa kuchomelea vyuma kwa miezi michache, mashine moja kwa vijana wengi. Mwisho wa masomo mwalimu yule yule aliyetufundisha alitupa mtihani, yeye mwenyewe akausahihisha, na ndugu yake aliyekuwa mkuu wa chuo akatia sahihi. Tulipewa vyeti vizuri sana, vyenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Mama yangu alikitundika changu ukutani.

Nikaenda nacho kuomba kazi. Karani akakishika, akakigeuza nyuma na mbele, kisha akaniuliza neno moja tu: "Nani alikutahini?" Nikamtajia chuo. Akasema, "Hao ndio waliokufundisha. Nauliza nani alikutahini." Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, na karo ile ilikuwa imetokana na ng'ombe mmoja wa baba yangu.

Ndugu zangu, tangu siku ile sijaacha kuliuliza swali la karani yule. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muhuri wa dhahabu ulikuwa ukijitembeza.

Sasa tazameni kazi yetu wenyewe. Fundi akitengeneza breki za behewa, je, ni yeye anayesema behewa liko salama? Sivyo. Anakuja mkaguzi wa mabehewa, mtu mwingine, akatazama, akagonga gurudumu, akapima, ndipo behewa likatoka. Si kwamba fundi ni mwongo. Ni kwamba nyani haoni kundule. Aliyefanya kazi huipenda kazi yake, na macho yake huruka pale alipokosea. Na yule mkaguzi naye hapimi kwa kukisia. Ana kipimo kilichowekwa na wengine, na kipimo chenyewe huangaliwa kama bado ni sawa.

Mambo ya vyeti ni hayo hayo. Kuna kazi tatu. Ya kwanza ni kufundisha. Ya pili ni kutahini na kutoa cheti. Ya tatu ni kuwasimamia wale wanaofundisha na wale wanaotahini, ili kila mmoja asijifanyie apendavyo. Kazi hizi tatu zikikaa mkononi mwa mtu mmoja, mfanyakazi ndiye anayeumia, kama nilivyoumia mimi. Zikitengwa, cheti kinakuwa na nguvu, kwa sababu asiyekujua hata kidogo anaweza kukiamini.

Sheria za Kenya zimejaribu kuzitenga. Nitazieleza kwa ufupi, kwa maana wengi wetu twalipia mambo haya bila kuyajua.

Iliyo kongwe ni Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, ya mwaka 1959, iliyotungwa kabla ya Uhuru. Sheria hii yahusu wanagenzi na mafunzo ya kazini, na yataka mkataba wa mwanagenzi uandikwe na kuandikishwa, usiwe maneno ya mdomo tu. Ilibadilishwa mwaka 2011, na hapo ikaundwa mamlaka iitwayo NITA. Hawa ndio wenye mtihani wa gredi ambao mafundi wa Kenya wanaujua sana: Gredi ya Tatu, kisha ya Pili, kisha ya Kwanza. Uzuri wa mtihani huu ni kwamba hauulizi ulisoma shule gani. Fundi aliyejifunza chini ya mwembe hupimwa pamoja na aliyetoka chuoni, na wote wawili hushika tupa na kufanya kazi mbele ya mtahini.

Sheria ya pili ilikuwa ya mwaka 1980, iliyounda Baraza la Mitihani la Kenya, yaani KNEC. Kabla yake tulikuwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1967, na kabla ya hapo karatasi nyingi zilitoka Uingereza. Wazee wa reli wataikumbuka City and Guilds, chama cha London kilichoanzishwa mwaka 1878. KNEC linajulikana kwa mitihani ya shule, lakini kwa miaka mingi limetahini pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi.

Sheria ya tatu ni ya mwaka 2013. Hii iliunda vyombo viwili. Kimoja ni TVETA, na kazi yake ni kuvipa vyuo vya ufundi leseni na kuwakubali walimu wake. Chuo cha ufundi hakina ruhusa ya kufundisha bila leseni hiyo. Kingine ni CDACC, na kazi yake ni kutunga mafunzo, kuwapima wanafunzi na kuwapa vyeti. Mtaona kwamba anayetoa leseni si yule anayepima. Hawa wa CDACC hawahesabu alama za kalamu tu. Wanatazama kama mtu anaweza kuifanya kazi yenyewe kwa kipimo kilichowekwa na watu wa kazi hiyo, na ambaye hajafika huambiwa bado hajafika, aende akajizoeze arudi tena.

Sheria ya nne ni ya mwaka 2014, na ndiyo iliyounda KNQA. Hawa wanasimamia ngazi moja ya vyeti vyote vya nchi, yenye vidato 10. Diploma iko kidato cha 6, digrii ya kwanza iko kidato cha 7, na udaktari wa chuo kikuu uko kidato cha 10. Cheti cha fundi wa kawaida na cha fundi wa juu vimewekwa kidato cha 4 na cha 5. Kwa hiyo fundi hasimami nje ya nyumba ya elimu. Yumo ndani, ana kidato chake, na anaweza kupanda.

Labda mtu atauliza, ngazi hii ya nini? Nitamjibu kwa reli. Ninyi nyote mwajua geji. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1000. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1435. Toa behewa zuri kabisa katika reli ya zamani, lipake rangi, litie mafuta, kisha jaribu kuliweka katika reli mpya. Halitakwenda hata hatua moja. Behewa si bovu, lakini geji ni tofauti. Basi vyeti vya nchi yetu vilikuwa hivyo kwa muda mrefu: cha huyu hakikuingia kwa yule, na fundi aliyetaka kusonga mbele alianzishwa upya kama mtoto. Ngazi moja ni kutafuta geji moja.

Sisemi kazi hiyo imekwisha. Watoaji vyeti ni wengi, na mfanyakazi wa kawaida hupotea kati yao kama abiria kwenye stesheni yenye mabwana stesheni watatu, kila mmoja na kengele yake. Hilo ni kosa, na yafaa chama kilisemee. Lakini kosa la kengele nyingi halitatengenezwa kwa sisi kuongeza kengele yetu ya nne hapa karakana.

Sasa narudi kwenye shauri lililoko mbele yetu. Cheti cha karakana kitatolewa na nani? Na mwajiri. Aliyetufundisha ni nani? Mwajiri. Atakayetupima ni nani? Mwajiri yule yule. Hicho ni cheti cha juu ya duka, ndugu zangu, ingawa duka hili ni kubwa zaidi.

Na tazameni historia ya reli. Mwaka 1948 iliundwa East African Railways and Harbours, reli na bandari pamoja, kwa nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kila nchi ikabaki na reli yake. Mwaka 2006 reli ya Kenya na ya Uganda ikapewa kampuni ya Rift Valley Railways kuiendesha kwa mkataba, na mwaka 2017 mkataba huo ukakatizwa. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi jina juu ya lango limebadilika, na reli ni ile ile, na nati ni zile zile. Mfanyakazi mwenye karatasi ya mwajiri tu, mwajiri akiondoka, karatasi yake inabaki ukumbusho. Lakini mwenye cheti cha mtahini wa nje anaondoka nacho, akaenda bandarini, akaenda kiwanda cha sukari, akaenda hata ng'ambo, na huko wataweza kuuliza kwa aliyekitoa na kujibiwa.

Kwa hiyo nasema, tusiombe cheti cha karakana. Tuombe mwajiri atupeleke kupimwa na chombo cha nje.

Najua yaliyo mioyoni mwa wengine, maana nimeyasikia kwenye chai ya saa nne.

Neno la kwanza: "Pesa zitatoka wapi?" Ndugu, zipo. Sheria ya mafunzo ya viwandani yamtaka mwajiri alipe kwa kiwango cha shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, iende kwenye mfuko wa mafunzo. Pesa hizi hazikatwi katika mshahara wako. Ni mzigo wa mwajiri. Chukueni karakana ya watu 200. Shilingi 50 mara 200 ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 120,000. Mwajiri anayewapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyokubaliwa anaweza kudai arudishiwe gharama kutoka katika mfuko huo. Asiyewapeleka analipa vivi hivi, na mfanyakazi hapati kitu. Ni kama kulipa nauli na kuachwa stesheni.

Neno la pili: "Karatasi haikazi nati." Ni kweli. Nimewaona wenye karatasi wasiojua kushika spana, na nimewaona mafundi wasio na karatasi ambao injini ikilia wanajua ugonjwa wake kabla haijasimama. Lakini ndiyo sababu hasa ya kutaka wapimwe. Fundi huyo akistaafu leo, ataondoka na barua ya kumshukuru tu. Ujuzi wa miaka 30 unatoka langoni bila jina. Sheria ya 2014 imetaka ujuzi wa mtu utambuliwe, na kuna njia ya kumpima mtu kwa kile alichojifunza kazini bila kumrudisha darasani. Fundi hukusanya ushahidi wa kazi zake, huulizwa maswali, na huonyesha kwa mikono. Akitosha, hupewa cheti chake. Hiyo si sadaka. Ni haki yake iliyochelewa.

Neno la tatu ndilo zito, na wachache hulisema kwa sauti: "Je, nikianguka?" Wazee wetu, nawaheshimu, na sitawadanganya. Mimi niliuanguka mtihani wa gredi mara ya kwanza. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri, lakini nilipopewa mchoro niusome, niliushika juu chini. Niliona haya sana. Wiki ile sikula pamoja na wenzangu. Baadaye kijana mmoja aliyekuwa chini yangu kazini akanifundisha kusoma mchoro, jioni, juu ya kreti la soda, na mara ya pili nikapita. Sasa nawaambia: mtihani ule ulisema kweli juu yangu. Kwa miaka yote nilikuwa nikimngoja mwingine anisomee mchoro, nikijifanya sina wakati. Cheti cha karakana kisingalinifunulia jambo hilo. Kingalinisifu tu, nami ningalibaki kipofu wa mchoro mpaka leo.

Lakini hofu ya wazee si upuuzi. Mtu ana watoto shuleni, na akisikia neno mtihani anafikiri juu ya kupunguzwa kazi. Kwa hiyo kazi ya chama ni kuweka masharti kabla mtu wa kwanza hajapimwa. Naleta mbele yenu masharti haya manne, yaandikwe katika mapatano yetu na mwajiri:

Kwanza, gharama ya kupimwa ilipwe na mwajiri, na siku ya mtihani ihesabiwe kuwa siku ya kazi.

Pili, atakayeanguka asipunguziwe cheo wala mshahara, wala matokeo yake yasitumiwe kumfukuza. Apewe nafasi ya kujizoeza na kurudia.

Tatu, atakayepita cheti kiwe chake, akae nacho yeye mwenyewe. Cheti kisifungiwe katika kabati la ofisi. Na kupita kwake kuhesabiwe nafasi ya juu inapopatikana.

Nne, mtahini awe wa nje, na asiwe msimamizi wa karakana wala jamaa yake.

Tena kuna jambo ambalo si la mwajiri, ni letu wenyewe. Vipimo vya ufundi havianguki kutoka mbinguni. Vinaandikwa na kamati, na watu wa kazi huitwa kukaa humo. Katika baraza la NITA wafanyakazi wana wawakilishi wao, pamoja na waajiri na Serikali. Je, kipimo cha fita wa reli kikiandikwa, ni nani atakayesema juu ya baridi ya usiku, juu ya kazi ya chini ya behewa, juu ya vyombo vilivyochakaa? Tusipopeleka mtu, ataandika asiyewahi kulala chini ya behewa. Naomba Katibu aandike barua kwa ofisi kuu ya chama, tujue ni nani anayetusemea huko, na jinsi ya kumpelekea maneno yetu.

Mwisho, nawaomba wazazi waliomo humu ndani. Watoto wetu wanamaliza shule, na vyuo vinatangazwa kwenye kila nguzo ya stima. Kabla hujauza mbuzi, uliza maswali matatu. Chuo hiki kina leseni ya TVETA, na je, kimo katika orodha yao? Kozi hii mwanangu atatahiniwa na nani, awe si mwalimu wake? Na cheti chake kimewekwa kidato gani katika ngazi ya KNQA? Usikubali kuonyeshwa karatasi ya ukutani tu. Nenda ukaulize kwa wenyewe. Ukiambiwa, "Sisi tunajitahini wenyewe," chukua mtoto wako mkono, mwondoke. Baba yangu hakujua kuuliza, nami sikujua, na ng'ombe akaenda.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Wanaotaka cheti cha karakana si adui zangu. Wanataka heshima, kama mimi. Lakini heshima ya kujipa wenyewe haivuki lango. Tuombe ile itakayovuka. Asiyeuliza hana ajifunzalo, basi aliye na swali na aniulize, na mzee aliye na hofu na aje kwangu kwa siri baada ya kazi. Lile kreti la soda bado lipo, na michoro ninayo.

Umoja ni nguvu.